Upepo wa Saa Sita pale Matiliku

Mwezi wa Agosti, Matiliku ilinuka maganda makavu ya mbaazi na vumbi lililoungua jua. Kwetu sisi watoto wa miaka ya sabini, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya ndege za kuchezea. Mnamo Juni na Julai ukungu uliteremka kutoka upande wa Nunguni, ukalowesha mabawa ya karatasi na kuilegeza gundi yetu ya ugali. Novemba mvua ilimaliza yaliyosalia, na mbuzi wakala mabaki. Basi tuliunda ndege wakati wa kiangazi, na bila kujisifu, hakuna aliyeziunda kama mimi. Mwili niliuchonga kutoka mlingoti mkavu wa mkonge, mwepesi kama unyoya. Mabawa yalitoka katika daftari langu la Hesabu, somo ambalo sikuona haja ya kulirudia.

Nikiwa darasa la sita, nilimtangazia binamu yangu Mwende kwamba ndege yangu ingeiaibisha yake mbele ya watoto wote. Mwende hakubishana. Alisema tu kwamba atakayeshindwa atachunga mbuzi wa nyumba zote mbili likizo nzima, na kiangazi kile kuwafikisha mtoni ilikuwa safari ya kutwa. Aliongeza sharti moja: kila mtu airudishe ndege yake mkononi, ndipo hatua zihesabiwe. Nilikubali upesi. Niliona ni sharti la mtu anayejua kwamba ndege yake haiendi mbali.

Mwende alirusha yake asubuhi, karibu na Susu, nyanya yetu, aliyekuwa akipepeta mbaazi. Ilikuwa ndege nzito ya boksi la sabuni. Ilikwenda hatua arobaini, ikalala chini kama kuku. Mimi nilisubiri saa sita, upepo uwe wa hadhi yangu. Nilipofika uwanjani Susu alikuwa tayari anakusanya nyungo zake. Nikamuuliza mbona anaacha na upepo ndio kwanza umepata nguvu.

"Upepo wa asubuhi hupepeta, mjukuu wangu," akasema. "Wa saa sita huiba."

Nilitabasamu kwa heshima. Hayo yalikuwa mambo ya mbaazi. Mimi nilishughulika na anga. Nikarusha. Kimbunga cha vumbi kikatoka shambani, kikaibeba ndege yangu, kikaizungusha hadi alipokuwa mwewe, naye mwewe akaipisha. Nilinyanyua mikono kama mshindi. Ndege ikavuka kilima, ikashika njia ya Sultan Hamud.

"Sasa kairudishe, rubani," Mwende akasema taratibu.

Niliitafuta hadi jua likazama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima, ndiyo maana likapewa mbuzi.

Leo nina stashahada ya ufundi wa ndege, niliyoipata kwa jasho langu, nami nimerudi nikajenga nyumba ya vigae. Chuoni mwalimu alitumia muhula mzima kutueleza jinsi ardhi yenye joto inavyoinua hewa. Watoto wa siku hizi wana ndege za plastiki zenye betri, zisizojua ukungu wala gundi ya ugali. Juzi saa sita, walipotoka kuzirusha, niliwaita uani, nikawachorea mishale ubaoni, nikawafafanulia yote. Walinishukuru sana, wakaniita Injinia, kisha wakavuka ua kwenda kwa Mwende. Aliinua konzi ya maganda ya mbaazi, akayaachia, akayatazama yakienda.

"Ngojeni kesho asubuhi," akawaambia.

Wakarudi makwao. Mimi pia nilikuwa nimetoka na ndege yangu. Niliirudisha ndani.