Mukaka Aliyeosha Marehemu wa Mtaa Wetu

Mwezi uliopita nilipanda Butembo kutoka Beni kwa ubatizo wa mtoto wa kaka yangu, na miguu yangu, bila kuniuliza, ikanipeleka kwanza kwenye kiwanja cha Mukaka. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Palipokuwa na jiko lake, na chungu cha maharage kisichopoa, sasa pana depo ya saruji. Mwenye depo aliniuliza nataka mifuko mingapi. Nikamwambia napita tu.

Kama umekulia kule juu Butembo, unaijua baridi ya asubuhi yetu. Tulipoamka, Mukaka alikuwa amesharudi kutoka misa ya kwanza, kitenge chake kikinuka moshi na sabuni ya mawese, na viazi vya Lubero vimeshaiva ndani ya majivu. Ukilalamika kwamba havina chumvi, alikuambia nenda kaishi na chumvi. Alisali rozari huku akichambua maharage. Mbuzi akiingia shambani, aliikata Salamu Maria katikati, akamfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha akaendelea pale alipoachia.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane hadi mtaa wa pili ilikuwa nyingine. Mwanamke akifariki, watu walikuja kumwita Mukaka amwoshe. Mkatoliki au Mprotestanti, tajiri au yule mama mlevi ambaye ndugu zake walimkimbia, wote aliwaosha, na hakuchukua hata kuku. Mimi, mjukuu wake wa kike, nilibeba maji mpaka mlangoni. Mara ya kwanza niliyaleta ya baridi, nikidhani maiti hajali. Mukaka aliingiza kiwiko ndani ya beseni, akanitazama.

“Weye mwenyewe unaogaka na maji ya baridi kama hii? Rudisha ku moto.”

Nilipofikisha miaka kumi na mitano aliniruhusu kuingia, nisimame pembeni nitazame. Alizungumza na marehemu muda wote. Sasa nainua mkono wako, mama. Sasa nakugeuza, usiogope. Mimi ndiye niliyekuwa nikiogopa, lakini sauti yake ilinituliza hata mimi. Siku hiyo, tukirudi nyumbani, alinishika mkono kwa nguvu.

“Siku yangu ikifika, hapana acha mutu mwingine aniogeshe. Ni weye.”

Nikakubali. Nilikubali kwa wepesi, kama mtoto anayetumwa kununua kiberiti.

Ikaja miaka ya Ebola. Nilikuwa mtu mzima, nimefundishwa kupita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba kugusa maiti ndiko kunakoua, kwamba kila anayefariki, hata mzee, anazikwa na timu ya mazishi salama, bila kusubiri vipimo. Wengine walinifungia mlango. Mukaka aliwaambia wanisikilize, maana nimesoma. Kisha akashikwa na homa, akakataa katakata kupelekwa hospitali, na siku ya tatu, asubuhi, akafariki kitandani pake.

Wanawake wa shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya sala, walijaa uani kabla jua halijapanda. Walikuwa wamekunja mikono ya blauzi. Wote walitaka kumgusa, na wote walikuwa na watoto nyumbani. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikapiga simu kwa timu.

Walikuja na nguo zao nyeupe, wakamtia ndani ya mfuko, wakafunga. Mimi nilisimama mbali pamoja na wengine. Baada ya siku mbili majibu yalitoka: Mukaka hakuwa na Ebola. Mama yangu hakunifokea. Wiki ilipopita alisema jambo moja, na hajalirudia tena.

“Ulifanya vizuri. Lakini ungetuachia ata saa moja. Maji ilikuwa iko ku moto.”

Najua nisingeweza kuwaachia hata dakika moja. Ningewaambia hivyo hivyo watu wa nyumba nyingine yoyote. Hata hivyo naumia, na sitaki mtu aniambie nisiumie.

Siku hizi wengi wanafia hospitali. Mochwari inawaosha, tunawapokea ndani ya jeneza, wameshavalishwa. Wanawake waliokuwa wakienda na Mukaka wamezeeka, wengine wamemfuata. Sijui ni nani bado anayezungumza na marehemu akimwosha.

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Beni alifariki nyumbani kwake, kwa uzee. Wanawake wakanijia, kwa sababu wanajua mimi ni mjukuu wa nani, wakaniomba nimwoshe. Niliwaambia mtoto wangu ana homa. Walinipa pole, wakaenda zao. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, anacheza, mzima kabisa. Sikuweza kumpa mtu mwingine kile nilichomnyima Mukaka.