Shikamoo, Bibi Chwamu

Kila Machi, theluji nzito ikishaanguka, mpima samaki wa kabila la wenyeji huingia Mto Sprague hadi kiunoni. Humbeba chwamu, samaki wao wa jadi, kama kichanga, humfuta kwa kidole gumba mdomo ule wa kufyonza matope, kisha humpitishia juu ya tumbo kifaa cha kusoma alama. Kifaa hulia: huyu alishawekewa alama, ni wa zamani. "Shikamoo, bibi. Bado upo tu? Kifo kimekukataa?" Humrudisha majini taratibu. Wote ni vikongwe. Vifaranga huzaliwa kwa maelfu, lakini ziwa wanakoshukia limeoza, hakuna anayekua. Siku akija mgeni asiye na alama, kifaa kitanyamaza. Mpwa wa mpima, Verlene, anaungoja ukimya huo mwaka wa kumi na tisa sasa, kalamu mkononi.

Leo kifaa kikanyamaza. Akakipitisha tena. Kimya.

"Verlene! Andika, mpya huyu! Si nilikwambia?" Mikono yake iliyokufa ganzi ikamkumbatia samaki.

"Naona, mjomba."

Alichokiona Verlene ni kijitaa chekundu cha kifaa, kimezimika. Betri ya akiba ilikuwa mfukoni mwake. Akaiacha humo humo, akainama kuandika.