Viganja vya Anatoli

Priscila wa Nyakisasa alikuwa na ulimi mkali, na kwa miaka ishirini na sita mumewe Anatoli ndiye aliyeuvumilia. Kila wiki Anatoli alitwanga majani ya utupa, akayaloweka usiku kucha, akachuja, akatia kipande cha sabuni, kisha jioni akanyunyizia vitunguu kwa fagio la nyasi. Ilikuwa dawa ya thiripi, vile vidudu vyembamba vinavyojificha katikati ya majani na kuyafyonza mpaka yapauke.

"Unanuka utupa mpaka kitandani!" Priscila alimfokea. "Na kipimo chake ni nini?"

"Ndoo moja, viganja kumi vya majani, Mama Rwekaza. Viganja kumi tu."

Mwezi Februari Anatoli alikufa kwa homa. Pale makaburini Priscila hakulia, na watu wakamsema. Baada ya kuanua matanga alikuta vitunguu vimeshaanza kupauka. Akatwanga utupa, viganja kumi, akanyunyizia. Thiripi hawakufa.

"Kumbe hata hili ulinidanganya!" alifoka peke yake kati ya matuta.

Alijaribu viganja kumi na viwili, wapi. Mara ya tatu, kwa hasira tu, akajaza kumi na saba. Kesho yake alipofunua majani, wadudu walikuwa wamekauka.

Priscila akaitazama mikono yake midogo. Akaketi juu ya tuta, akaunganisha viganja, akavipanua mpaka vidole vikauma, vifike ukubwa wa vile vya Anatoli. Havikufika. Hapo ndipo alipolia.