Ng'ombe Saba Katika Jedwali Langu

Karatu tulikuwa mafundi wawili wa kanzidata, mimi na mwenzangu, na kwa kelele zetu ungedhani tuko ishirini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kinanuka dawa ya kupe, na humo tulibishana tangu chai ya asubuhi. Mimi nilikuwa mtu wa majedwali. Niliamini kila kitu duniani kina safu na mstari wake, na kisichoingia kwenye mstari ni uchafu. Mwenzangu aliona majedwali ni mambo ya wazee. Yeye alitaka kila taarifa ikae kwenye waraka wake, huu una vipengele vitatu, ule una thelathini, na hakuna wa kuuliza. Alikuwa ametazama video nyingi sana.

Kazi mbili zikaja kwa pamoja. Loji moja ya kitalii, njia ya kwenda kreta, ilitaka mfumo wa kuhifadhi vyumba. Mradi wa chanjo ulitaka rejesta ya ng'ombe wa wafugaji wa Olbalbal. Watu wenye akili wangekaa chini wakajiuliza kila kazi inataka nini. Sisi tuligawana kwa ubishi: yeye akabeba loji na nyaraka zake, mimi nikabeba ng'ombe na majedwali yangu.

Ya loji iliharibika kwanza, nami nilifurahi mno. Hema moja linalotazama kreta lilipewa jozi mbili za maharusi kwa tarehe ileile. Kila waraka ulikuwa sahihi ukiusoma peke yake, ila hakuna waraka uliojua kwamba mwenzake yupo. Maharusi wanne wakasimama mlangoni na mabegi yao, meneja akapiga simu ofisini akiwa hoi, mimi nikacheka hadi nikashika meza.

"Jedwali lingekataa," nikamwambia mwenzangu. "Chumba kimoja, tarehe moja, mgeni mmoja. Lingekataa katakata."

"Haya mzee, umeshinda," akasema.

Nikavimba kichwa wiki nzima.

Rejesta yangu, kwa kweli, ilijua kukataa. Kila ng'ombe alikuwa na mstari mmoja: namba ya hereni ya sikioni, rangi, mmiliki. Rangi niliweka tano za kuchagua, na ya tano niliiita "mchanganyiko". Wafugaji wale wana neno la ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe, na neno jingine kabisa la mwenye madoa ubavuni, lakini mimi niliwapa mchanganyiko. Mmiliki nilimpa nafasi moja tu, tena lazima awe na namba ya simu isiyofanana na ya mtu mwingine. Sharti hilo nililionea fahari. Nimekulia Buger, kwenye shamba la mahindi, ambako ng'ombe wetu wawili walikuwa wa baba na hapakuwa na mjadala.

Asubuhi moja akaingia mama wa Kimasai wa makamo, shuka limejaa vumbi. Alikuwa amefika na lori lililoleta mbuzi mnadani. Nilimwamkia kwa Kimasai, takwenya, akajibu iko, kisha akatazama kompyuta zetu moja moja.

"Ero," aliniita, yaani kijana, "ni wewe mwenye kitabu cha ng'ombe?"

"Ni mimi, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yake. "Karibu ukae."

Hakukaa. Mumewe, alisema, alifariki wakati wa mvua. Ng'ombe saba ni wa nyumba yake, walitengwa kwa ajili yake tangu alipoolewa, na kwa desturi watabaki kwa wanawe. Hilo kila mtu pale analijua. Lakini bwana mifugo alipokuja kuandikisha, yeye hakuwa na simu. Mfumo ukamkataa. Jua linachoma, foleni ni ndefu, bwana mifugo akaandika namba ya shemeji yake na kusema watarekebisha baadaye. Kwa hiyo ndani ya mashine yangu shemeji akawa mmiliki. Akaomba karatasi ya rejesta, akaipeleka kuchukulia kibali cha kusafirisha mifugo, akauza watatu.

"Wazee walimwambia hapana," mama alisema. "Yeye anasema karatasi ya serikali imesema ndiyo."

"Siyo ya serikali, yeyo. Ni yangu."

Akanitazama. "Basi ni mbaya zaidi."

Kisha akanitajia ng'ombe wake. Mmoja alipewa na baba yake siku ya harusi. Mwingine alipewa na rafiki yake wa Arash, na tangu hapo hawaitani majina, wanaitana pakiteng, yaani watu waliopeana ng'ombe. Wa tatu ni mweusi: maziwa yake ni ya mama mwenyewe, ndama ameahidiwa binti yake, na hauzwi bila kijana wake mkubwa kukubali. Ng'ombe mmoja, watu watatu, na mimi nilikuwa nimetenga nafasi moja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Nyaraka zangu zingebeba yote hayo," mwenzangu akasema kutoka kwenye kona yake.

"Zingebeba na uongo wa shemeji," nikamjibu, "kwenye waraka wake mwenyewe, msafi kabisa."

Nikafuta sharti la simu. Nikaunda jedwali jipya la kuunganisha ng'ombe na watu, kila mtu na haki yake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na ningeifanya tangu mwanzo kama ningeuliza swali moja. Nikampigia bwana mifugo, akakiri, na ng'ombe wanne wakarudi kwenye nyumba yao.

"Na wale watatu?" mama akauliza.

Nikajaribu. Mashine ikagoma: ng'ombe aliyeuzwa, mmiliki wake habadilishwi. Nilikuwa nimeweka kanuni hiyo ili kuzuia wadanganyifu.

"Imekataa, yeyo."

"Nani aliifundisha kukataa?"

"Mimi."

Akavuta kiti, ndipo akakaa.

"Sasa hivi ng'ombe mmoja anaandikiwa watu wengi?"

"Wengi unavyotaka."

"Hata hao waliouzwa?"

"Hata hao."

"Basi andika jina langu, mwenye nyumba. Andika shemeji, aliyeuza. Halafu jiandike wewe."

"Mimi nijiandike kama nani?"

"Aliyemfungulia shemeji zizi."

Nikaandika mara tatu, kwa ng'ombe watatu. Mama akasubiri karatasi itoke, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la shuka.

"Shemeji ataitwa na wazee," alisema akiwa mlangoni. "Na wewe uje. Jina lako limo."