Miche 10,007 ya Bertha Kalinga

Bertha Kalinga, mhesabu miche wa kikundi chetu hapa Mafinga, hapendi kitu kinachobaki. Mpe viazi saba agawe kwa watu watatu, atakosa raha siku nzima. Ndiyo maana tulimkabidhi kitalu cha miti ya paini. Kila msimu sisi akina mama tunajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kila mtu kwa nguvu zake, tunarundika pamoja. Bertha anahesabu, kisha anatafuta safu zitakazolingana bila kiriba hata kimoja kukaa pembeni. Miaka minane hakuwahi kukosa.

Msimu huu alipata 10,007. Akapanga safu za ishirini, vikabaki saba. Safu za kumi na tatu, vikabaki kumi. Akahesabu upya mara mbili, namba ni ile ile.

"Kila namba ina safu zake," akatuambia, uso umemkauka. "Hii imeguswa. Kuna mtu kachukua viriba."

Jicho lake likamwangukia Tumpe, aliyehamia kutoka Iyunga mwaka juzi, maana yeye hurudi nyumbani na kikapu. Nasi tukanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na najichukia kwa hilo. Tumpe akavua buti za kikundi, akaziweka langoni, akaondoka. Wiki ile ile akarudi kwao.

Jumamosi akaja Prisca, binti wa kaka yake Bertha, mwalimu wa hesabu Iringa mjini. Alipohadithiwa akakunja uso.

"Shangazi, namba nyingine hazina safu kabisa. Zinaitwa namba tasa. Hii uliimaliza kuijaribu?"

"Nimejaribu nyingi, mwanangu."

"Jaribu namba tasa tu, mpaka mia. Namba mbili zilizozidi mia ukizizidisha zinaipita hiyo. Usipopata inayoigawanya chini ya mia, basi haipo."

Bertha akakaa mezani na daftari, mimi nachambua maharage pembeni yake. Sijawahi kuona mtu akigawanya kwa hofu namna ile. Alitaka ipatikane moja tu, ili kauli yake kwamba kila namba ina safu zake ibaki kweli. Ishirini na tatu, vikabaki viwili. Arobaini na moja, vikabaki vitatu. "Karibu," akanong'ona, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Mafinga. Themanini na tisa, vikabaki thelathini na tisa. Sasa ilibaki tisini na saba peke yake. Aligawanya polepole, akarudia, akarudia tena.

Vikabaki kumi na sita.

"Kwa hiyo sikuwa na lolote juu ya Tumpe," akasema.

Bertha akapiga simu Iyunga, akaiweka mezani kwa sauti ya juu, sote tusikie. Akaeleza kila kitu: ile mia, zile namba zote, mpaka vile viriba kumi na sita vya mwisho. Alieleza kupita kiasi, kama mtoto aliyevunja chungu. Akaomba msamaha, akamsihi arudi kitaluni.

Tumpe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Bertha," akasema, "hiyo namba umeiuliza mara zote hizo. Mimi hukuniuliza hata mara moja."