Nimeokoa katuni bubu ya mbuzi wa Papa, na bado nina hasira

Wakuu, salaam kutoka Kisangani.

Leo sina utani mwingi. Nina hasira ya miezi mitano na nimeona niimwage hapa kabla haijanitia vidonda vya tumbo. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu hapa Mangobo. Atakayeona ni chai apite taratibu, asinimwagie sukari.

Kiswahili changu kisiwashangaze. Mimi ni Mkongomani, ila niliishi Kigoma miaka sita, ndiyo maana kimepigwa pasi kidogo. Wazee wangu wakiongea nitawaacha waongee chao, chenye "batu" badala ya watu na Kifaransa kilichochomekwa humo humo.

Kazi yangu ni studio ndogo: picha za pasipoti, fotokopi, kuchapa CV za vijana. Kwa hiyo kompyuta naijua kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Papa yangu, yaani baba, ana miaka sabini na minane. Alikulia kwenye misheni moja huko Isangi, ukiteremka mto. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya kuonyesha filamu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Sauti hakuna. Papa ndiye aliyekuwa akizungusha mpini, na huku anazungusha anawaeleza watoto wenzake kinachotokea.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa katuni ya kale, ya enzi zile ambazo filamu zilikuwa hazijaanza kuongea. Mbuzi mwenye kofia anaiba sufuria ya mpishi. Anakimbizwa, anafika mtoni, anajing'oa mkia na kuufanya kasia.

Papa alimpa jina la Monsieur Ntaba. Ntaba ni mbuzi kwa Kilingala.

Sisi watoto wake wote tumelala kwa hadithi ya Monsieur Ntaba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Sasa, mwaka jana macho ya Papa yakaanza kusumbua. Tukaenda kwa daktari. Presha ya macho, tena tumechelewa. Akasema dawa itapunguza mwendo tu, mwanga wenyewe unaondoka, na hawezi kutuahidi miezi mingi.

Papa aliongozana nami mpaka kwenye pikipiki. Kisha akasema:

"Batu mi nabajua kwa sauti, haina shida. Mais Monsieur Ntaba hana sauti. Ule nataka nimuone tena, mara moja tu."

Wakuu, mtu akikuambia hivyo unafanyaje? Nikamwahidi hapo hapo, barabarani.

Dada yake mdogo, Tantine Béa, bado anaishi Isangi. Misheni ilipomwaga vitu vya stoo, yeye aliokota makopo mawili ya filamu kwa sababu alikumbuka kaka yake ndiye aliyekuwa akiizungusha. Nikapanda baleinière, yale maboti makubwa ya mbao yenye injini, nikakaa juu ya magunia ya watu mpaka Isangi. Mgongo nilisahau kama ninao.

Kopo la kwanza lilikuwa limeshika kutu na linanuka siki. Filamu za aina ile zikianza kuoza ndivyo zinavyonuka. Lakini picha zilikuwepo! Niliinua utepe juani nikamwona mbuzi, kofia na kila kitu. Sioni aibu kusema nililia.

Kopo la pili Tantine alilileta kwa majivuno, amelifunika kwa kitambaa.

"Hii ilikuwa inanuka mubaya sana, mutoto yangu," akasema. "Alors nikaipiga maji ya moto na sabuni ya unga. Nikasugua bien, nikaanika ku kamba. Ona vile iko safi."

Safi kweli. Picha zote zilikuwa zimekwenda na povu.

Kilichobaki ni utepe wa plastiki mtupu, unaona mpaka upande wa pili. Mto, kasia la mkia, mpishi anayeanguka majini, mwisho wote wa katuni, mama huyu alikuwa ameumwaga nyuma ya jiko.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nimpigie nani? Mwanamke mzima amekaa kutwa nzima anasugua kwa upendo, na bado anakuangalia akisubiri umsifu. Nikasema "Merci, tantine." Nikatoka nje nikapiga ndoo teke, kidole kikavimba wiki nzima.

Nilimwomba kitu kimoja tu, asimwambie Papa kuhusu kopo la pili. Nilijipa moyo kwamba huenda kopi nyingine ipo mahali fulani duniani.

Niliporudi nikawaandikia watunza filamu huko Ulaya. Nilituma picha chache za mbuzi. Mama mmoja akanijibu haraka sana, barua ndefu. Katuni hiyo hawana. Hakuna wanayemjua aliye nayo. Kwenye orodha yao imeandikwa kuwa imepotea, na huenda kopo langu ndilo pekee lililobaki.

Kwa hiyo kopi nyingine hakuna. Na hapo hapo kichwa kikanivimba, maana sasa nilikuwa mtu muhimu.

Mashine ya kuichezesha sina, na hata ningekuwa nayo ingeutafuna ule utepe. Nikatengeneza meza ya mwanga kwa plastiki nyeupe ya taa ya dari, nikafunga simu juu yake, nikawa napiga picha moja moja. Sogeza, piga. Sogeza, piga. Picha elfu tatu na mia nane na ushee. Umeme ukikatika, simu inatikisika maana nainuka kwa hasira, narudia. Mteja akija kuuliza fotokopi, natamani kumfukuza.

Baada ya wiki tatu nilikuwa nazo zote kwenye kompyuta.

Papa akaja studio, anashika ukuta. Wakati ule jicho la kulia lilikuwa bado linafanya kazi akisogea karibu.

"Uko naye?"

"Ninaye, Papa. Ila ni mchafu sana. Ana mikwaruzo, ana ukungu, anatetemeka. Ngoja nimsafishe kwanza."

"Unionyeshe tu vile iko. Kule misheni pia alikuwa muchafu."

Nikamwambia, ngoja kidogo.

Wakuu, ishikeni hiyo "ngoja kidogo" mahali. Tutairudia.

Nikaanza kusafisha. Unafuta mkwaruzo kwenye picha moja, unakwenda inayofuata, mkwaruzo ule ule umehamia kwenye pembe za mbuzi. Programu ya bure niliyopakua ilikuwa inafuta mikwaruzo pamoja na masharubu ya mpishi. Nikawa narudisha masharubu kwa mkono, unywele kwa unywele. Mnacheka? Chekeni tu, hamkuwepo.

Kila wiki Papa anapita. Kila wiki namwambia bado.

Wakati huo huo yule mama wa Ulaya hanipi nafasi ya kupumua. Nijaze fomu. Nijaze fomu ya kuthibitisha fomu. Kisha akauliza swali ambalo lilinimaliza: filamu hii ilionyeshwa kwa kasi gani, picha ngapi kwa sekunde?

Nikamuuliza Papa.

"Kasi?" akashangaa. "Inategemea batoto banacheka namna gani. Bakicheka, unapunguza, bapate kumaliza kicheko. Bakinyamaza, unakimbia."

Nikamwambia Papa, hao watu wanataka namba.

"Bon, ubaambie namba iko mu mukono."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikajibiwa kwa upole kwamba hilo haliwezi kuingizwa kwenye kumbukumbu zao. Nilifunga kompyuta kwa nguvu mpaka bawaba ikalegea.

Lakini usiku kucha mpaka asubuhi jibu la Papa likawa limeniganda. Ni kweli. Filamu ya kuzungusha kwa mkono haina kasi moja, kasi yake ni mtu. Basi nikaamua Papa atamzungusha Monsieur Ntaba mwenyewe, kama zamani. Iwe zawadi!

Nyuma ya nyumba kulikuwa na toleka la zamani, moja ya zile baiskeli za kubeba abiria zilizojaa hapa Kisangani kabla pikipiki hazijazifukuza. Nikang'oa pedali na mnyororo, nikaunganisha na kipanya cha kompyuta. Ukizungusha pedali, picha zinasogea. Ukipunguza, zinapunguza. Ilinichukua mwezi mwingine mzima, maana mnyororo ulikuwa unaruka.

Mke wangu ndiye aliyeniambia ukweli. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani yangu ya chakula, ya pili kupoa siku hiyo.

"Tantine aliosha na sabuni, siku moja. Weye unaosha na kompyuta, mwezi wa tano sasa. Macho ya papa nani atayangojea?"

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichosema.

Siku iliyofuata kazi ikaisha. Pedali laini, picha zimesimama, masharubu yako mahali pake. Nikapanga maonyesho ya Jumapili, kisha nikamwita Papa ajaribu. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, uso ameuelekeza dirishani.

"Papa, kioo kiko huku."

"Sawa, mwana. Peleka tu mukono yangu ku mpini."

Alikuwa haoni tena. Si jana, si juzi. Karibu wiki mbili, na hakusema kwa sababu, nanukuu, "sikutaka kukuchelewesha kazi."

Wakuu, hapo ndipo ilipo hasira yangu. Nimewalalamikia Tantine, umeme, programu ya bure, mama wa fomu. Wote hao hawakumnyima Papa kitu. Katuni ilikuwa mezani kwangu, inaonekana, na yeye alikuwa anaona. Ni mimi niliyesema ngoja. Nimejitukana kwa lugha zote ninazojua, na Kisangani tunajua nyingi.

Papa hakutaka maonyesho yafutwe. Jumapili baada ya misa tukaziba madirisha ya studio kwa blanketi. Watoto wa mtaa wakajazana chini kwenye mkeka. Tantine Béa alikuwa amepanda kutoka Isangi, akakaa nyuma. Nikatundika kitambaa cheupe ukutani, nikawasha projekta ya kukodi, nikaweka mkono wa Papa kwenye pedali.

Akaanza.

Jamani, ule mkono. Mzunguko wa kwanza ulikwaruza kidogo, kisha ukatulia. Mbuzi akatoka nyuma ya uzio. "Monsieur Ntaba huyu, amevaa kofia ya kuomba kazi," Papa akasema, na watoto wakacheka, na mkono ukapunguza. Walipomaliza kucheka, mkono ukakimbia. Mpishi akatokea sekunde ile ile Papa aliposema mpishi. Haoni kitu, wala hakukosea hata mahali pamoja.

Mbuzi akafika ukingoni mwa mto. Akaushika mkia wake, akavuta.

Hapo ndipo kopo la kwanza linapoisha.

Kitambaa kikabaki cheupe. Nilikuwa nimepanga kumwambia Papa habari ya kopo la pili kabla ya maonyesho, na sikumwambia.

Papa akaendelea kuzungusha.

"Sasa mukia imekuwa kasia. Ona vile anapiga maji! Mupishi naye ameruka, ameanguka, sufuria imemufunika kichwa..."

Mtoto mmoja akanigeukia, mdomo wazi. Tantine Béa akaweka kidole midomoni mwake, machozi yanamtiririka. Mtoto akaangalia kile kitambaa cheupe tena, akamsikiliza mzee, na akacheka. Wengine wakacheka naye. Mkono wa Papa ukapunguza, kuwangojea wamalize.

Nilirekodi yote, sauti na mkono, nikatuma Ulaya. Juzi yule mama amejibu kwamba ni nzuri mno, ila wanaomba nikate ile sehemu nyeupe ya mwisho kwa kuwa haina picha.

Nimemjibu neno moja: hapana. Fomu ya kukataa kama ipo, alete nijaze.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Kama unahifadhi kitu cha zamani, mwonyeshe kwanza yule anayekikumbuka, leo, na uchafu wake. Kusafisha utasafisha baadaye, dunia haiendi popote. Macho ndiyo yanakwenda.

Karibuni mseme, hasa mwenye kopo, kanda au picha ya mzee wake iliyokaa kabatini ikisubiri "nikipata muda". Wenye ushauri wa programu bora ya kufuta mikwaruzo, leo nawaomba mnisamehe, siwezi kuwasoma.

Na nimesahau kuwaambia. Maonyesho yalipoisha, Papa aliacha pedali, akajifuta jasho, akanitafuta kwa mkono mpaka akalishika bega langu.

"Mwana, mwisho ilikuwa safi?"

Nikamwambia, ilikuwa safi, Papa. Haina hata mkwaruzo mmoja.