Ukuta Nilioujua Mimi Peke Yangu

Nimekosa, na sina pa kujifichia tena. Rafiki yangu leo anatembea kwa magongo kwa sababu yangu, na watu wote wa huku kwetu Mbozi wanaamini ni kwa ukaidi wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyewaacha waamini hivyo.

Jina langu sitalitaja. Najua ni woga, lakini nivumilieni, maana hata kuanza barua hii kumenichukua wiki tatu. Rafiki yangu nitamwita Lazaro, ingawa silo jina lake.

Tulisoma pamoja chuo cha walimu cha misheni, miaka ile kabla ya vita. Mimi ni Mnyiha wa upande wa Itaka. Yeye ni Mnamwanga wa karibu na Tunduma, mwenye wajomba ng'ambo ya mpaka, Rodeshia ya Kaskazini. Alikuja chuoni na mbio zake na utani wake, akimwita kila mtu "mukwai", neno la heshima alilolitoa kwa Wabemba, hata yule aliyemkasirikia. Katika mbio za kupokezana vijiti mimi nilikuwa wa tatu, yeye wa mwisho. Hakuwahi kuangusha kijiti nilichompa.

Chuo hakikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi wakati wa masika, na huku kwetu mvua ikishaanza haina haya. Basi Mzungu aliyekuwa mkuu wa chuo akaamua tujenge nyumba ya michezo kwa mikono yetu. Kila mwanafunzi alifyatua matofali yake, akachora jina ubavuni kwa msumari kabla hayajakauka. Mimi nilifanywa kiongozi wa tanuri.

Ambao hamjawahi kuchoma matofali, niwaeleze. Unayapanga mabichi mpaka yanakuwa kilima, chini unaacha matundu ya kuni, kisha unalisha moto siku tatu mpaka joto lifike juu kabisa. Ndipo unaziba matundu kwa udongo na kuliacha tanuri lipoe lenyewe. Ukiziba mapema, matofali ya chini yataiva, ya juu yatabaki udongo mtupu. Na hakuna atakayejua mpaka siku ya kufungua.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, zamu yangu. Kijiji cha Isansa kulikuwa na harusi, na kwenye harusi hiyo alikuwako binti mmoja ambaye leo ni mama wa watoto wangu. Jua lilipofika utosini nikawaambia wenzangu moto umeshapanda, tuzibe. Walikuwa wamechoka kubeba kuni, nani angebisha? Tukaziba. Nikanawa uso, nikavaa shati safi, nikaenda zangu harusini.

Tulipofungua, matofali ya juu yalikuwa ya kijivu. Nilipoyakwaruza kwa kucha yakamong'onyoka. Mkuu wa chuo alikuwa Mbeya kutafuta mabati, na nilijua akirudi akayaona nitafukuzwa, nirudi kwa baba yangu kuchunga mbuzi na kuchekwa na ukoo mzima.

Kwa hiyo nikayaficha. Darasa langu lilikuwa linajenga ukuta wa mwisho, upande wa kaskazini, na ulikuwa ukuta mnene. Nje tulipanga yaliyoiva, ndani yaliyoiva, na katikati mimi mwenyewe nikawa najaza mabichi, nikiwaambia wenzangu yana kasoro ya rangi tu, na katikati si kitu. Juu ikapigwa lipu na chokaa nyeupe. Mkuu wa chuo aliporudi aliupigapiga ukuta kwa kiganja, akasema darasa letu limefanya kazi nzuri. Nikacheka pamoja na wenzangu.

Nyumba ilisimama. Tuliruka ndani yake tukaangukia magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa, tukatoka tunanuka kahawa mpaka kwenye meza ya chakula. Majina ya washindi yaliandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na la Lazaro lilikuwa la kwanza kwa mbio za yadi mia. Kila mvua kubwa ilipopiga mimi niliutazama ukuta wa kaskazini badala ya kumtazama mwalimu. Tukamaliza masomo, tukatawanyika kufundisha, nikaoa, nikafanywa mzee wa kanisa, na taratibu nikausahau. Au niliusahau nusu.

Mwaka huu barua ikaja kutoka chuoni. Mchwa wamekula kenchi za paa, nyumba ni ndogo, Serikali itasaidia kujenga nyingine. Wanafunzi wa zamani tunaombwa tuje siku moja kuibomoa sisi wenyewe tulioijenga, na kila mmoja atafute tofali lenye jina lake, akae nalo nyumbani liwe ukumbusho.

Nilisoma barua hiyo nimesimama, nikakaa chini. Mama watoto akadhani ni malaria, akanipikia uji wa ulezi. Nilikuwa nikiwaona wenzangu wote wamelizunguka rundo la udongo wa kijivu, wakiulizana nani alikuwa kiongozi wa tanuri. Nilifikiri juu ya aibu yangu tu. Kwamba ukuta huo unaweza kumuua mtu, hilo sikulifikiri hata mara moja.

Siku mbili kabla nikaenda kwa mkuu wa chuo. Huyu ni mwingine, mwenzetu Mwafrika, mtu mpole. Nilikuwa nimekwisha jipanga maneno. Kabla sijafungua kinywa akanishika bega, akasema amesikia darasa langu ndilo lililojenga upande wa kaskazini, na siku hiyo angependa niwaambie vijana jinsi watu wa zamani walivyofanya kazi kwa uaminifu. Nikamwambia nitafurahi. Nikarudi nyumbani na maneno yangu.

Siku ikafika. Walikuja kutoka Itaka, kutoka Ruanda ya hukuhuku Mbozi, wengine wameshuka kwenye lori la mahindi wakiwa weupe kwa vumbi. Jamani, ilikuwa furaha! Wazee wenye vitambi walijaribu kuruka kamba. Mmoja alitafuta lilipokuwa jina lake ukutani akaligusa. Wanawake walikuwa wameinjika maharage na kuleta mitungi ya togwa. Lazaro akaja na kofia ya Rodeshia, akanikumbatia mbele ya watu.

Mabati na kenchi vilipokwisha shushwa, mimi nikasimama nikasema upande wa kaskazini niachiwe peke yangu. Darasa langu liliujenga, nami nataka kuuvunja kwa mkono wangu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema huo ndio moyo unaotakiwa. Hakuna aliyejua kwamba nilitaka kuyaponda mabichi yote na kuyachanganya na kifusi kabla mtu hajayatazama.

Nikapanda ngazi, nikatoa matofali machache ya juu. Ndani nikakuta hali mbaya kuliko nilivyotegemea. Maji yalikuwa yameingia miaka yote hiyo, katikati ya ukuta kulikuwa na tope, mkono ulizama mpaka kiwikoni. Nilipoegemea, ukuta mzima ukasogea. Kidogo tu, lakini nilihisi. Nikashuka. Nikajua kwamba tofali moja likichomolewa chini, ukuta wote unakuja.

Nilikuwa bado nafuta jasho nikiwaza nifanye nini, Lazaro akatokea na mtaimbo begani.

"Mukwai, tangu lini wewe unakimbia peke yako?"

"Rudi kwa wenzako. Kazi hii naimudu."

"Unaimudu na jasho hilo? Wewe unaumwa."

"Lazaro, nimekwambia ondoka hapa."

Nilisema kwa ukali, na watu kadhaa waligeuka. Yeye akacheka. Lipu ya chini ilikuwa imebanduka, na pale, karibu na msingi, lilikuwepo tofali lenye jina lake, amelichora kwa herufi kubwa alizokuwa anajivunia enzi zile. "Tazama, lile pale langu," akasema, akachuchumaa, akapachika mtaimbo.

Ndugu zangu, nafasi nilikuwa nayo. Sidanganyi. Alichukua muda kutafuta mwanya, akatema mate viganjani, akashika upya. Maneno yenyewe ni machache: ukuta huu ni mbichi ndani. Lakini mchungaji alikuwa hatua sita kutoka hapo, ameshika kikombe cha togwa, na mkuu wa chuo alikuwa karibu naye. Wangesikia. Nikawatazama wao, nikamtazama Lazaro, nikafunga kinywa.

Ukuta haukupiga kelele nyingi. Ulikaa chini tu, pamoja na yeye.

Tulimchimbua kwa mikono. Alikuwa hai, uso wote udongo, na mguu wa kulia umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Tulimlaza juu ya mlango wa nyumba ileile tukampandisha kwenye lori kwenda hospitali. Njia nzima alinishika shati. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, yeye ananiuliza kama nimeumia.

Na matofali mabichi? Yaliyeyuka yote. Yalichanganyika na kifusi, watu wakayakanyaga wakati wa kumtoa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walisema nyumba ilikuwa imezeeka. Kile nilichokiogopa miaka yote hakikutokea kabisa, na hofu yangu haikuondoka, imeongezeka.

Mkuu wa chuo alitaka kujua ilikuwaje, aandike taarifa. Aliponifikia nikasema, "Nilimwambia aondoke." Ni kweli, nilimwambia. Na wote waliokuwa karibu wakashuhudia kwamba walinisikia, kwa sauti kubwa. Wakamwendea Lazaro kitandani, naye akasema ndivyo ilivyokuwa, aliambiwa akakaidi. Ikaandikwa hivyo. Mguu ukaunga vibaya, ukawa mfupi, na katika shule ya jirani na kwetu alikokuwa anafundisha wakampa mtu mwingine madarasa ya mchakamchaka na michezo.

Lililonimaliza lilikuja baadaye. Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, mwenye neno na mwenzake husimama mbele ya watu wakapatana, wakapeana mikono, ndipo washiriki. Jumapili hiyo Lazaro alisimama. Alikuja mbele polepole, magongo yakigonga sakafu, akasimama mbele yangu mimi mzee wa kanisa.

"Ndugu yangu, uliniambia nikafanya kiburi," akasema. "Ungekuwa karibu kidogo ningekuua na wewe. Nisamehe."

Kanisa zima lilikuwa linanitazama. Akaachia gongo moja, akanyoosha mkono. Nami nikaupokea, nikasema, "Nimekusamehe."

Nilimsamehe! Mimi! Watu wakafuta machozi, wimbo ukaanzishwa. Nikapokea mkate, nikauweka mdomoni, ukakataa kushuka. Nikautoa nyuma ya kanisa, nikaufukia kwa kidole cha mguu huku naangalia kama kuna mtu. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa mtu mzima. Mke wangu akigusa bega langu nashtuka. Akisema kitu kuhusu harusi ile ya Isansa tulikoonana, natoka nje.

Na juzi wa chuoni wameniletea barua nyingine. Nyumba mpya itaanza kujengwa, na kwa kuwa nilionekana mtu mwangalifu, wananiomba nisimamie uchomaji wa matofali.

Wewe unayesoma haya, nakusihi. Ukimwona mwenzako anaweka mkono mahali unapopajua ni pabovu, mwambie ubovu wenyewe. Usimwambie tu aondoke. Mimi nilimwambia aondoke, na neno hilo halikumkinga yeye hata kidogo, limenikinga mimi. Linanikinga mpaka leo, na nimechoka kukingwa nalo.

Kuna jambo moja limebaki. Tangu Lazaro aumie, kila Jumamosi nachukua gazeti hili dukani, lori la Mbeya likishapita, nampelekea kwake. Macho yake ni mazima, lakini anapenda anyooshe mguu kwenye kigoda mimi nimsomee, na anataka tuanze na barua za wasomaji, kwa sababu anapenda kucheka makosa ya watu.

Mhariri akikubali kuichapa hii, nitaisoma kwa sauti yangu, mbele yake na mbele ya mkewe. Atanisikia nikisema ukuta ulikuwa mbichi, maneno aliyostahili kuyasikia akiwa bado na miguu miwili mizima. Atakachofanya baada ya hapo sikijui. Naogopa sana, ndugu zangu, lakini gazeti nitalipeleka.